Mke wa Rubani Asiye na Kaburi

Ijumaa ya mwisho wa mwezi Posta ya Kericho hujaa kama kanisa siku ya Krismasi. Wazee wa pensheni, wanafunzi wenye barua, akina mama waliobeba watoto migongoni, wote wamebanana chini ya paa moja wakiikimbia ile mvua ya saa nane ambayo mji ule umeizoea kuliko jua. Foleni ya simu ilikuwa imetoka nje ya mlango. Mbele kabisa, ndani ya kibanda, alisimama mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amevaa sketi ya marinda ya rangi ya udongo na sweta ya kijani aliyoifuma mwenyewe. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Afande, swali langu ni moja tu," alikuwa akisema. "Mwaka wa sita sasa nauliza hilo hilo. Kuna kitu chochote kimepatikana? Hata kipande cha bawa? Ngoja, afande..."

Akabaki ameiangalia simu. Nyuma yake sauti ya kiume ikasema, "Madam, kama sarafu zimeisha ninazo hapa."

"Hazijaisha. Ni yeye amekata."

"Basi mpigie tena. Mtu akikukatia simu mara ya kwanza labda ana haraka. Akikata mara ya pili hiyo ni dharau. Ni vizuri ujue ni ipi."

Foleni ikaguna, lakini mwanamke alikuwa ameshaanza kuzungusha namba. Alizungumza maneno manne, akasikiliza, akairudisha simu mahali pake. Alipogeuka, alimwona vizuri yule mshauri wake. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mfupi kidogo, koti la ngozi limeloa mabegani, bisibisi tatu zimechomoza mfukoni kama kalamu za mwalimu mkuu.

"Ilikuwa dharau," alimwambia.

"Pole. Twende tunywe chai basi tumsengenye."

"Mimi ni karani wa kupima majani chai kule Kimulot. Kutoka asubuhi mpaka jioni ni chai tu, halafu wewe unanialika chai?"

"Soda, basi. Naitwa Ephantus, fundi wa redio na saa, duka liko nyuma ya soko, na simu yake leo imekufa."

Naye akajikuta anacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika mji ule kwa muda mrefu sana.

Jina lake lilikuwa Chepngetich. Desemba ya mwaka wa tisini na moja alikuwa ameolewa na Luteni Kipkurui, rubani wa jeshi la anga, kijana wa kwanza wa Kimulot kupanda ndege, achilia mbali kuiendesha. Wazee waliwafunga segutiet, yale majani ya harusi, kwenye vifundo vya mikono, na kwa desturi ya Wakipsigis fundo hilo halifunguliwi na kifo. Walikaa pamoja majuma matatu, likizo yake ikaisha. Februari, vita vya Somalia vilipokuwa vimechacha, Kipkurui alitumwa Mombasa kulinda mpaka upande wa bahari. Asubuhi moja ndege yake ilipita Kiunga, ikaingia kwenye wingu, ikanyamaza. Meli zilitafuta siku kumi na moja. Hazikupata mwili, wala kofia, wala mafuta yakielea juu ya maji. Barua ya jeshi ilisema amepotea, na neno hilo, ukiliangalia vizuri, ni neno baya kuliko amekufa.

Siku ile mbele ya soda, Ephantus alipouliza simu ilikuwa ya nini, Chepngetich alijibu kwa kifupi. "Nilikuwa na mume. Alikuwa rubani. Bahari ilimchukua." Ephantus akavua kofia, akanyamaza kidogo, kisha akamwongezea soda. Hilo la kunyamaza ndilo lililomwingia Chepngetich moyoni. Watu wengi walikuwa wamempa pole kwa maneno mengi.

Baada ya hapo simu zikaanza. Kimulot nzima kulikuwa na simu mbili, moja kiwandani na moja katika duka la Wilkista, na ya Wilkista ilikuwa na adabu zake. Ephantus akipiga, Wilkista anatoka mlangoni anaita kwa sauti inayofika mpaka kituo cha majani, na watu wote kwenye foleni ya mizani wanajua karani ametafutwa na nani.

"Karani wangu."

"Fundi. Leo umeharibu redio ya nani?"

"Ya chifu. Ilikuwa inashika stesheni moja, sasa haishiki hata hiyo. Lakini inakaa vizuri mezani."

"Uongo. Watu wanasema wewe ni hodari."

"Kwa redio, ndiyo. Kwa mengine naona naanza kuchanganyikiwa. Jana nimefungua saa ya mtu, nikakaa nayo mkononi nikifikiria sweta ya kijani."

"Hii simu inasikilizwa, Ephantus."

"Mwambie Wilkista namsalimia."

"Mwambie salamu zimefika," alijibu Wilkista mwenyewe kutoka nyuma ya magunia ya sukari.

Hivyo ndivyo miezi ilivyokwenda, mpaka Novemba, Ephantus aliposema anataka kuja kusalimia nyumbani. Chepngetich alikubali haraka kuliko alivyopaswa. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amemwambia.

Jambo lenyewe lilikuwa mama mkwe wake. Tapkigen alikuwa mama wa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo, kwa hesabu zake, hakuwa amekufa. Alikuwa na ushahidi. Akiwa na miaka kumi Kipkurui alianguka kwenye bwawa la kiwanda, watu wakapiga mayowe upande huu, yeye akatokea ng'ambo na kuanza kukamua kaptula yake. "Bahari ni nini?" Tapkigen alikuwa akiuliza wachungaji na wazee. "Si ni bwawa kubwa? Mtoto wangu ametokea upande ule mwingine. Labda ni mgonjwa. Labda ameoa. Atakuja." Na kila Jumamosi alikisafisha kibuyu cha Kipkurui kwa makaa ya mti wa senetwet, akakijaza maziwa mapya, akakitundika ukutani ili mwanawe akirudi akute mursik, maziwa ya mgando, imeiva. Ile ya wiki iliyopita aliwapa majirani. Ndani ya nyumba yao hakuna aliyeinywa.

Chepngetich aliishi na mwanamke huyo miaka sita, akimlimia, akimchumia chai, akimpeleka hospitali ya misheni Kaplong kifua kilipombana. Alimpenda. Hilo lisemwe mapema, maana wako wanaodhani mwanamke kijana anayekaa na mama mkwe asiye na mwana amekosa pa kwenda.

Ephantus alifika Jumapili baada ya ibada, amevaa suti ya kijivu na tai nyekundu, viatu vimejaa matope mpaka kwenye kamba. Tapkigen alikuwa bado kanisani kwenye mkutano wa akina mama. Chepngetich, amejifunga leso mpya juu ya gauni la maua, alimkaribisha, akamwekea kimyet, ule ugali wa kwao, na mboga, na baada ya chakula akainua mkono kuchukua mursik. Vibuyu vilikuwa vitatu ukutani. Viwili vilikuwa vya wageni. Mkono wake ulivipita hivyo viwili, ukashusha cha tatu, chenye mkanda wa ngozi wenye shanga. Alikitikisa, akamimina bilauri ikajaa.

"Hii ni tamu," Ephantus alisema, mdomo wa juu mweupe. "Kwetu Nyeri wananiambia nitakufa nikinywa maziwa ya makaa."

"Na umekufa?"

"Nimeongeza miaka. Nimiminie tena."

Ndipo kivuli kikaingia mlangoni. Tapkigen alisimama, Biblia kwapani, akaangalia bilauri, akaangalia ukuta, akaangalia kile kibuyu mezani.

"Nani alikupa hiyo?" alimuuliza Ephantus kwa Kiswahili chake cha shida. "Hiyo kipuyu ni ya kijana yangu. Akikuja leo atakunywa nini?"

"Akikuja?" Ephantus aliweka bilauri chini polepole, akamgeukia Chepngetich. "Uliniambia alikufa."

"Nilikuambia bahari ilimchukua."

"Nani alisema amekufa?" Tapkigen aliuliza. "Wewe, Chepngetich, ulisema mume yako amekufa?"

Chepngetich alikichukua kile kibuyu, akakirudisha ukutani. Ephantus alingoja. Mtu huyu alikuwa na historia. Mwaka wa tisini na mbili duka la baba yake lilichomwa Londiani, katika ghasia za makabila, na majirani waliokuwa wakila naye, na tangu siku hiyo alijifunza kuondoka mahali kabla hajaambiwa mara mbili. Alisimama, akamwinamia mama, akasema, "Unisamehe, mama. Sikujua nimekalia kiti cha mwenyewe." Akashuka kilima na suti yake ya kijivu katikati ya majani ya chai, bila kugeuka.

Wiki nzima Chepngetich alipiga simu ya duka la Ephantus. Mara ya kwanza ilikatwa. Mara ya pili ilikatwa. Alijua maana yake, kwa sababu aliyemfundisha ni huyo huyo fundi.

Mwanamke mwingine angelala akilia. Chepngetich alilia siku ya kwanza tu, na wiki ilipokwisha aliomba ruhusa kituoni akaenda mahakamani Kericho. Mchungaji alikuwa amekwisha kumwambia kwamba bila karatasi ya kifo hakuna ndoa nyingine kanisani. Karani wa mahakama, mzee mpole mwenye miwani, alimweleza sheria. Mtu asiposikika miaka saba na wale ambao angewatafuta kama angekuwa hai, mahakama inaweza kumhesabu amekufa. Lakini watu hao waje wenyewe, waape.

"Nani hao?"

"Mama yake kwanza. Ana mama?"

"Anaye," Chepngetich alisema, na hapo alielewa ukubwa wa mlima uliokuwa mbele yake. Hakusikiliza mengine.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Duka la Ephantus lilikuwa na wateja watatu, na mwenyewe alikuwa ameinamia redio iliyofunguliwa tumbo.

"Sikuja kuomba msamaha mbele ya watu," alisema kutoka mlangoni. "Nimekuja kusema ukweli, nimalize, niende. Mume wangu hana kaburi. Mama yake anamngoja. Kila Jumamosi anamwekea maziwa, na mimi nimekuwa nikimwangalia miaka sita bila kusema neno."

Wateja walijifanya wanaangalia betri.

"Na kile kibuyu?" Ephantus aliuliza bila kuinua macho. "Ulikosea?"

"Hapana. Nilijua ni cha nani. Nilichoka kukiona kinamngoja mtu asiyekunywa, na moyo wangu ulikuwa umeshachagua wa kukinywea. Hilo ndilo kosa langu. Kosa la pili ni kwamba nilifanya kwa mkono nililoogopa kusema kwa mdomo."

Ephantus aliweka bisibisi chini. "Sasa unataka nini, Chepngetich? Nije nigombane na mama wa watu?"

"Nataka ungoje. Sitatoroka usiku na nguo kwenye karatasi kama msichana mjinga. Wala sitamwacha yule mama mlangoni akiangalia njia. Nitamtoa hapo kwa miguu yake mwenyewe, kisha nitakuja."

"Kwa muda gani?"

"Sijui."

Mteja mmoja alikohoa. "Haya," Ephantus alisema hatimaye. "Nitangoja mpaka chai iishe Kericho."

Chepngetich alitoka dukani akijua kwamba amesamehewa, kwa sababu kutoka alipokuwa amesimama mpaka upeo wa macho hakukuwa na kitu kingine ila chai.

Kazi ilikuwa nyumbani. Alizungumza na Tapkigen Desemba nzima, na kila mazungumzo yaliishia kwenye bwawa. Alitokea upande wa pili. Akakamua kaptula. Januari, wakipalilia, Chepngetich alisimamisha jembe.

"Mama, umewahi kuiona bahari?"

"Niliona ziwa pale Kendu. Unaona milima ya ng'ambo vizuri kabisa."

"Basi twende tukaione. Ukikuta ni bwawa, nitakaa hapa kumngoja na wewe mpaka nywele zangu ziwe nyeupe. Naapa."

Tapkigen aling'oa gugu, akalikung'uta udongo. "Na nikikuta si bwawa?"

"Utaniambia wewe."

Bonasi ya chai ndiyo iliyolipa safari. Walifika Mombasa siku ya pili, wakalala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, na asubuhi wakashuka ufuoni Nyali. Tapkigen alikataa kuvua sweta yake ya sufu ijapokuwa jasho lilimtiririka mpaka kwenye kidevu. Alisimama pale mchanga unapoanza kuloa, mkono juu ya macho.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Haionekani, mama."

"Tungoje. Ukungu utatoka."

"Huku hakuna ukungu, mama."

Alingoja hata hivyo. Kule kwao ukitaka kuona mlima unangoja ukungu upande, na yeye alikuwa mtu wa kungoja. Saa tatu, saa nne, saa tano. Jua likawa kali, maji yakawa yale yale, na mwisho wake ukawa ule ule mstari. Karibu na saa sita alimwendea mzee aliyekuwa akiuza madafu.

"Paba, ng'ampo ya hii maji ni wapi?"

"Ng'ambo? Ukipanda meli siku nyingi, Bara Hindi, mama."

"Na mtu akiogelea?"

Mzee alianza kucheka, akauona uso wake, akaacha. "Hafiki, mama," alisema kwa upole. "Hata awe nani."

Tapkigen alirudi majini. Alikaa kwenye mchanga, akavua viatu vyake vya raba, akaviweka pamoja vizuri, na mawimbi yakamfika magotini. Ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, kwa Kipsigis, akimwita mwanawe jina la utotoni ambalo Chepngetich hakuwa analijua, na watu waliokuwa wakipita walipunguza mwendo. Chepngetich hakulia. Alikuwa na kazi ya kumshika mtu asibebwe na maji.

Jioni, kutoka Posta ya Mombasa, alipiga simu Kericho.

"Fundi."

"Karani wangu. Uko wapi? Naisikia simu ikiwa mbali."

"Niko baharini na mama."

Ephantus alinyamaza, kama siku ile ya soda. Kisha akauliza, "Ameona?"

"Ameona."

"Na wewe?"

"Mimi niko sawa," Chepngetich alisema, naye aliamini hivyo.

Siku ya mahakama ilikuwa Jumanne ya mwezi wa nne, miaka saba na zaidi kidogo tangu ile asubuhi ya Kiunga. Tapkigen alivaa gauni lake la harusi za watu, la zambarau, na kitambaa cheupe. Hakimu alikuwa mwanamke, sauti yake ya chini.

"Mama, mara ya mwisho kumsikia mwanao ilikuwa lini?"

"Mimi husikia yeye kila siku," Tapkigen alisema. "Mlango ikilia, ni yeye. Mbwa ikibweka, ni yeye. Lakini ukiuliza kama ameongea, hajaongea. Nimeona hiyo maji. Hakuna ng'ampo." Akainua kidole gumba kabla hajaambiwa, kikapakwa wino, akakikandamiza kwenye karatasi kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Chepngetich alipumua. Mlima ulikuwa umepandwa. Alianza kukunja leso yake kwa furaha, na hapo akasikia, "Na wewe, mke wake?"

Aliinua kichwa.

"Wewe pia ni mtu ambaye yeye angemtafuta," hakimu alisema. "Umewahi kumsikia tangu Februari tisini na mbili?"

Jibu lilikuwa neno moja. Alikuwa amelidai kwa mama wa watu miezi mitano, amemvusha nchi nzima kwa ajili yake, na sasa zamu ilikuwa yake, naye akaikunjua tena ile leso. Kwa mara ya kwanza aliona wazi alichokuwa akifanya kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi pale Posta. Alidhani anatafuta karatasi ya kifo. Kumbe alikuwa akiuliza kama mume wake anakuja nyumbani. Yeye pia alikuwa na kibuyu chake ukutani, ila chake kilikuwa cha simu. Akashika ukingo wa meza, na yale machozi ambayo hakuyamwaga Nyali yalimjia yote, mbele ya hakimu na karani na askari wa mlangoni.

Mkono mgumu wa mchuma chai ulimshika mgongoni.

"Sema, mwanangu," Tapkigen alimnong'oneza kwa lugha yao. "Inauma, lakini inatoka. Mimi nimesema, na bado nimesimama."

Chepngetich alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Sijamsikia," alisema. "Kipkurui amekufa. Mume wangu amekufa baharini." Hakuwa amewahi kuyasema maneno hayo mahali popote, wala kwa mtu yeyote, wala peke yake. Hakimu aliandika.

Nje, mawingu meusi yalikuwa yamekaa juu ya mashamba, na Ephantus alikuwa amesimama kwenye ngazi na mwavuli mmoja usiotosha watu watatu. Aliangalia macho yao mekundu, akawafungulia mwavuli wote wawili, yeye mwenyewe akabaki pembeni.

"Leo sikuulizi kitu," alisema. "Leo ni siku ya msiba. Nitakuja wiki ijayo, au mwezi ujao."

"Niulize leo," Chepngetich alisema.

"Una hakika?"

"Nimelia mbele ya hakimu, Ephantus. Sina tena la kuficha. Lakini ujue kabla hujauliza, mama simwachi."

"Nani alikuambia umwache? Kericho nina vyumba viwili na Kimulot kuna njia." Alivua kofia. Wachuuzi wa karanga na mawakili wenye majoho walianza kugeuka. "Chepngetich, binti wa watu, utakubali nikuoe? Polepole, kwa heshima, kwa kanisa na kwa wazee, na mwenzangu aliyetangulia tuwatajie watoto wetu jina lake?"

Chepngetich alitaka kujibu vizuri, kwa maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Novemba, lakini kwanza ilibidi ajifute macho. Matone ya kwanza yalianguka, na nyuma yake yakaja mawe ya barafu, yakipiga mabati ya mahakama.

"Jibu yeye," Tapkigen alisema kwa Kiswahili, akiuvuta mwavuli upande wake. "Mvua inapiga pwana yako."

Naye akajibu.